Mtu Mzima na Chuo cha Sheria: Acheni Kutuambia "Nenda Popote"

Mtu mzima akitangaza kwamba anataka kusomea sheria, atasikia sentensi mbili kutoka kwa karibu kila mtu atakayemuomba ushauri. Ya kwanza ni "elimu haina mwisho", inayosemwa kwa sauti ileile ya kumpa mgonjwa pole. Ya pili ni hii: "Wewe sasa ni mtu mzima, una kazi, una familia, chuo gani si hoja. Nenda popote, chukua karatasi yako, mengine utajua mbele ya safari."

Nimezisikia kwa mwaka mzima sasa, kutoka kwa watu wanaonitakia mema: wahariri wenzangu, ndugu, hata mawakili wawili watatu ninaowaheshimu. Kwa kuwa wanasema kwa upendo, ni vigumu kuwapinga uso kwa uso. Basi nawapinga hapa, mbele ya wasomaji wa vitabu, kwa sababu naamini nyinyi mtanielewa haraka kuliko wao.

Hoja yangu ni fupi. Kwa mtu mzima, chuo ni hoja kubwa kuliko ilivyo kwa kijana wa miaka 19. Na kigezo cha kukichagua si jina lake, si ukaribu wake na kituo cha daladala, wala si wepesi wa kupata nafasi. Kigezo ni kimoja: je, watu wa chuo hicho watakufundisha kusoma na kuandika? Yaani watachukua ulichoandika, watakisoma hadi mwisho, watakikosoa kwa kalamu na kukurudishia, kisha watakudai uandike tena? Kama hawafanyi hivyo, wanakuuzia uchovu wa jioni nyingi kwa bei ya ada.

Najua kuna atakayesema mimi mwandishi wa habari naona kila kitu ni maandishi. Sawa. Lakini nimeripoti mahakamani kwa miaka kadhaa, na nataka niwaambie nilichokiona huko. Sheria ni kazi ya maandishi kwanza, kuongea ni baadaye. Mawakili wa kwenye tamthilia hupiga meza na kulia machozi. Wa kwenye mahakama zetu anawasilisha hati ya madai, anajibu kwa hati ya utetezi, anaapa kwa kiapo cha maandishi, anaweka pingamizi la awali, na mara nyingi shauri linaishia hapohapo kabla shahidi hata mmoja hajafungua kinywa. Nimeshuhudia shauri la kiwanja likitupwa kwa sababu kiapo kilichoambatanishwa na maombi kiliandikwa ovyo. Mawakili walikusanya mafaili yao, wakainama kwa heshima, wakatoka. Mama mwenye kiwanja alibaki kwenye benchi akatuuliza sisi waandishi, "Wanangu, nimeshinda?" Karani ndiye aliyemweleza, kwa upole, kwamba shauri lake halijasikilizwa kabisa.

Yule wakili aliyeandika kile kiapo alikuwa na karatasi yake. Alikuwa ameenda "popote".

Mahakamani mawakili huitana "wakili msomi". Ni heshima nzuri, na msemaji wa Kiswahili yeyote anasikia ndani yake kitenzi kusoma. Sasa tujiulize, huyu msomi amesoma nini? Ukizunguka kwenye steshenari za jirani na vyuo vyetu utapata jibu: madesa. Kurasa 40 za muhtasari, zilizotolewa kopi ya kopi hadi herufi zimefifia, zenye majina ya kesi na sentensi moja chini ya kila jina. Mwanafunzi anakariri jina la kesi na ile sentensi moja. Hukumu yenyewe, ambayo jaji aliiandika kwa kurasa 20 akipima huku na kule, akikubali hoja hii na kuikataa ile, hajawahi kuishika mkononi. Ni sawa na mtu kujiita mhakiki wa riwaya kwa sababu amesoma maelezo ya jalada la nyuma.

Mwaka 2022 tulipata bili ya mchezo huu. Mwezi Oktoba yalisambaa matokeo ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo mtaani hakuna anayeiita kwa jina hilo refu. Ni Law School tu. Hiyo ndiyo taasisi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007, na mwenye shahada ya sheria anayetaka kuwa wakili hupita hapo. Kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Wengine 342 walitakiwa kurudia mitihani, na 265 walidisko. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Dk. Damas Ndumbaro, aliunda kamati ya kuchunguza chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, na mitandaoni watu wakagawanyika: wengine wakailaumu Taasisi kwa ukatili, wengine wakavilaumu vyuo vikuu kwa kuwapitisha watu wasioiva.

Mimi sitaki kurudia ugomvi ule. Nataka tuziangalie namba zile kwa macho ya mtu wa miaka 38 mwenye watoto wawili. Kijana aliyedisko akiwa na miaka 24 ameumia, lakini ana muda: atarudi nyumbani, atajipanga, atajaribu kitu kingine. Mtu mzima aliyelipa ada kwa miaka mitatu au minne kutoka kwenye mshahara, aliyekosa harusi na misiba akisoma, aliyemwachia mwenzake mzigo wote wa jioni, yeye hana miaka minne mingine ya kutupa. Halafu mnamwambia chuo si hoja? Kwake ndiyo hoja yenyewe. Asiye na muda wa kusoma mara mbili anatakiwa afundishwe vizuri mara ya kwanza.

Na hela tusisahau. Miongozo ya Bodi ya Mikopo ya miaka ya karibuni inataka mwombaji wa shahada ya kwanza asizidi miaka 35, na asiwe na kipato cha ajira rasmi. Maana yake mtu mzima mfanyakazi anajilipia mwenyewe. Ni mteja wa fedha taslimu, na baadhi ya vyuo vimeshamnusa. Nilikwenda kuulizia masomo ya jioni kwenye chuo kimoja, sikitaji. Niliuliza mambo mawili: maktaba hufungwa saa ngapi, na wanafunzi wa jioni huandika kazi ngapi kwa muhula. La kwanza niliambiwa maktaba hufungwa saa kumi na moja jioni. Vipindi vya jioni huanza saa kumi na moja na nusu. La pili, dada wa mapokezi alicheka kidogo, akasema, "Kaka, watu wa jioni huwa hatuwasumbui sana." Alidhani ananipa habari njema.

Hapo ndipo nilipokasirika, na hasira hiyo ndiyo iliyoniandikisha makala haya. Kumhurumia mtu mzima kwa kutomfundisha ni dharau. Ni kumwambia kwamba yeye hakuja kujifunza, amekuja kununua cheo. Na cha kusikitisha ni kwamba dharau hii haina mizizi katika historia yetu.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, chenye wanafunzi wasiofika 20. Mwanamke alikuwa mmoja, Julie Manning, ambaye baadaye alikuja kuwa Waziri wa Sheria. Nchi changa ilipokuwa na uwezo wa kufungua mlango mmoja, ilifungua wa sheria. Halafu Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana Musoma, iliamua kwamba mtu asitoke kidato cha sita akapitiliza chuo kikuu. Kwanza aende Jeshi la Kujenga Taifa, afanye kazi miaka kadhaa, na alikofanya kazi wamwandikie kwamba anafaa. Utaratibu ule ulikuwa na madhara yake, wanawake waliumia zaidi, na mwishowe ukaachwa. Lakini wazo lililokuwa chini yake bado lina uzito: kwa muda fulani, katika nchi hii, mwanafunzi aliyekuwa ameshaonja kazi ndiye aliyekuwa mwanafunzi wa kawaida. Hakuna aliyemwonea huruma. Ilidhaniwa kwamba anakuja na kitu ambacho mhadhiri hana.

Na ni kweli anakuja nacho. Muuguzi wa miaka 15 wodini anajua uzembe wa kitabibu unavyoanza kabla hajasoma jina lake kwenye kitabu. Mtendaji wa kijiji ameamua migogoro ya mipaka ya mashamba tangu kabla hajasikia habari za Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Polisi anajua maelezo ya mtuhumiwa yanavyoandikwa saa nane za usiku. Chuo kizuri kitawauliza watu hawa maswali darasani na kuwalazimisha waweke wanachokijua kwenye hoja ya kisheria. Chuo kibaya kitawapa desa lilelile analopewa kijana wa kidato cha sita.

Hapa kuna mtu atanitajia Mandela. Daima kuna anayemtaja. Kwamba alipata shahada yake ya sheria kutoka UNISA mwaka 1989, akiwa bado mfungwa, akiwa na miaka 70, kwa masomo ya masafa. Kwa hiyo chuo si hoja, umri si hoja, nia tu. Jamani, isomeni hadithi nzima. Mandela aliingia Chuo Kikuu cha Witwatersrand mwaka 1943 na akatoka bila shahada. Hata hivyo mwaka 1952 alikuwa tayari ni wakili, amefungua ofisi Johannesburg pamoja na Oliver Tambo. Uwakili aliujifunzia wapi? Alikuwa karani mwanafunzi kwenye ofisi za mawakili, akiandika nyaraka chini ya macho ya watu waliojua kazi. Ile shahada ya 1989 ilikuja kumkuta mtu aliyeshaiva. Kwa hiyo Mandela ni shahidi wangu, si wenu. Anathibitisha kwamba kinachomtengeneza mwanasheria ni mtu anayesoma kazi yako na kukurudishia.

Msinielewe vibaya kuhusu masomo ya masafa. Chuo Kikuu Huria kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992, na kimewafikia watu wa mikoani ambao vyuo vingine havikuwahi hata kuwafikiria. Sisemi mtu wa Sumbawanga ahamie Dar es Salaam. Wala sisemi Mlimani ndiyo mbingu. Huu ugonjwa wa kuabudu majina nao naupinga. Jina la chuo ni sifa ya waliosoma huko zamani na ya walimu ambao wengine walishastaafu. Ninachosema ni kwamba mtu mzima akivipima vyuo vyote kwa swali moja, atashangaa mpangilio utakavyobadilika. Chuo kidogo cha mkoani chenye mhadhiri mmoja mkali anayerudisha kazi zikiwa nyekundu kwa masahihisho kinaweza kukufaa kuliko ukumbi wa watu 400 wenye jina kubwa getini.

Kuna jambo jingine ambalo wapenzi wa fasihi hatuna haki ya kulipuuza: lugha. Katiba yetu ya mwaka 1977 ilitungwa kwa Kiswahili. Mwanafunzi wa sheria anafundishwa kwa Kiingereza, na mara nyingi Katiba hiyo anaisoma katika tafsiri. Mahakama za Mwanzo zimeendesha mashauri kwa Kiswahili miaka yote. Tarehe 1 Februari 2021, katika Siku ya Sheria pale Dodoma, Rais Magufuli alimpandisha Jaji Zepharine Galeba kwenda Mahakama ya Rufani, akieleza hadharani kwamba kilichomvutia ni hukumu ambayo jaji huyo aliiandika kwa Kiswahili. Mwezi huohuo Bunge likabadili sheria: Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, Kiingereza kikabaki kwa pale ambapo haki itahitaji.

Sasa mtu anayeingia chuo leo akiwa na miaka 36 atafanya kazi hadi lini? Atakuwa wakili wa Kiswahili, apende asipende. Na Kiswahili cha sheria si kile cha kuombea chumvi. Sheria ikisema "Waziri ataunda kamati", nyumbani hiyo ni habari ya kesho au keshokutwa. Kwenye sheria ni amri, Waziri hana hiari. Kijisilabi "-ta-" kinabeba wajibu wa serikali. Mwanafunzi asiyefundishwa kuliona hilo atapoteza kesi na hatajua kwa nini.

Watangulizi wetu waliliona. Miongoni mwa mawaziri wa kwanza wa sheria wa Tanganyika huru alikuwa Sheikh Kaluta Amri Abedi, yuleyule aliyetoa Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954. Sidhani kama aliona ajabu yoyote kuwa mtu wa vina na mtu wa vifungu. Mwaka 1968 kitivo cha sheria cha Dar es Salaam kilitoa kitabu cha istilahi za sheria za Kiswahili kilichoandaliwa na A. B. Weston. Zaidi ya nusu karne baadaye, uliza vyuo vyetu ni kipi kinachomtaka mwanafunzi aandike hata hati moja ya madai kwa Kiswahili kabla hajahitimu. Uliza kabla ya kulipa.

Kwa hiyo haya ndiyo nimekuwa nikiyauliza, na namshauri kila mtu mzima ayaulize bila aibu. Mwanafunzi huandika kazi ngapi kwa muhula, na anarudishiwa baada ya muda gani? Omba uonyeshwe moja iliyosahihishwa, jina likiwa limefunikwa. Kama hawana hata moja ya kukuonyesha, umeshajibiwa. Wahadhiri wa jioni ni walewale wa mchana, au ni wa kuokoteza? Maktaba iko wazi saa ambazo mimi nipo? Kuna msaada wa kisheria unaotolewa na wanafunzi kwa wananchi, ambako nitaandika barua ya kweli kwa ajili ya mtu wa kweli? Wahitimu wenu wangapi walikwenda Law School mwaka jana, na wangapi walifaulu mkono wa kwanza?

Rafiki yangu mmoja, wakili mwenye zaidi ya miaka kumi kazini, alinisikiliza nikiyataja haya akatikisa kichwa. "Ndugu yangu," akasema, "ukiwa mkali hivyo utakosa chuo. Na unawafungia mlango watu wenye hali ngumu. Mwalimu wa shule ya msingi kule wilayani hana pa kuchagua. Afadhali apate kidogo kuliko kukosa." Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote upande wa pili, na imeninyima usingizi.

Jibu langu ni kwamba huyo mwalimu ndiye ninayempigania. Mwenye hela akisoma chuo kibaya, mjomba wake atampa kiti ofisini na atajifunza hapo. Mwalimu wa wilayani hana mjomba mwenye ofisi. Alichopewa na chuo ndicho pekee atakachokuwa nacho atakaposimama mbele ya hakimu, na atakaowatetea ni watu wa hali yake: mjane anayeporwa shamba, fundi aliyekatwa mkono na mashine, kijana aliyekaa rumande bila kusomewa shitaka. Mkisema "kidogo kinamtosha", mnasema pia kwamba kidogo kinawatosha wale watakaomlipa. Mimi yule mama wa kiwanja siwezi kumwambia hivyo.

Wala siombi vyuo vya kifahari. Kusahihisha kazi ya mwanafunzi hakuhitaji jengo la ghorofa. Kunahitaji mwalimu, kalamu na idadi ya wanafunzi inayoendana na idadi ya walimu. Kufungua maktaba hadi saa tatu usiku kunahitaji balbu na mlinzi. Kutangaza matokeo ya wahitimu wako kunahitaji karatasi moja ukutani na moyo wa kutoficha. Tume ya Vyuo Vikuu, inayotoa ithibati na ambayo tayari ina utaratibu wa kumtambua mtu aliyejifunza kazini, ina uwezo wa kudai mambo haya matatu kwa kila chuo kinachofundisha sheria. Iyadai.

Na nyinyi mnaotushauri, tafadhali badilisheni swali. Mkimsikia dada wa miaka 40 anasema anataka kusomea sheria, msimpe pole na wala msimpe Mandela. Muulizeni: "Hicho chuo ulichokitaja, nani atasoma unachoandika?" Kama hana jibu, mwambieni asilipe bado.